Mwalimu Mpya na Saa ya Kagera

Walimu wapya wanaporipoti katika shule za Bukoba na Muleba, huja na barua ya ajira, begi la nguo na maarifa ya kuandika andalio la somo waliyoyapata chuoni. Wengi wao hutoka mikoa ya mbali. Ratiba wanaijua, saa ya mahali walipofika bado hawajaijua. Ndugu msomaji, leo tunapenda kuzungumza nao, na pia na wale wanaowapokea, kwani muda unaopotea darasani si mali ya mwalimu bali ni amana ya mtoto.

Tuanze na jua lenyewe. Saa ya ukutani ni moja kwa Tanzania nzima, lakini Bukoba iko mbali upande wa magharibi, na jua huchomoza huko takriban nusu saa baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Mwezi wa Februari inatimia saa moja asubuhi jua halijatokeza. Mtoto wa darasa la kwanza anayepita migombani, tena siku ya mvua, aweza kuchelewa bila ya kuwa mtoro. Mwalimu mgeni akimsimamisha nje kipindi kizima, amemnyima kile kile alichokifuata. Busara ni kuzitumia dakika za mwanzo kwa kusoma kwa sauti au kurudia ya jana, na jambo jipya lianze watoto wakishatimia.

Vivyo hivyo siku ya Ijumaa. Adhuhuri ya Bukoba hukaribia saa saba, nayo ya Dar es Salaam huwa imekwisha kuingia. Mwalimu aliyezoea pwani asipolitambua hilo, atafundisha mada mpya ya Hisabati wakati sehemu ya darasa lake iko msikitini. Akiweka mazoezi ya marudio katika kipindi hicho, hakuna mtoto wa dini yoyote atakayeachwa nyuma.

Sasa tutazame hesabu ya dakika. Kipindi cha dakika 40 kikipoteza dakika tano kwa kuita majina na tano nyingine kwa kutafuta chaki na madaftari, robo nzima imekwenda. Kwa vipindi vitano vya wiki, hizo ni dakika 50, yaani zaidi ya kipindi kimoja. Zaidi ya hayo upo mzigo wa kusahihisha. Tangu ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, na elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, madarasa mengi yamefurika. Darasa la watoto 80, kila daftari dakika mbili, ni saa mbili na dakika arobaini kwa zoezi moja tu. Mwalimu mpya anayejaribu kuyamaliza yote kila usiku huchoka kabla ya likizo ya kwanza. Afadhali atoe maswali matatu yaliyochaguliwa vema kuliko kumi, na asahihishe kwa makundi, theluthi moja ya darasa kila siku.

Yapo pia yasiyopangika. Mwalimu wa visiwa vya Muleba, kama Bumbire na Goziba, aliyevuka ziwa kwenda bara mwisho wa juma, kurudi kwake hutegemea upepo na chombo. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Bukoba na vijiji vyake. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya hata zikafungwa. Mwaka 2020 shule za nchi nzima zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona. Mipango si matumizi, walisema wazee. Kwa hiyo azimio la kazi lisijazwe hadi ukingoni. Mwalimu aache wiki moja wazi katika kila muhula, na ajue mapema ni mada zipi ni nguzo na zipi zaweza kufupishwa.

Hata hivyo, kubadilika si kulegea. Mwalimu anayeingia darasani bila andalio na kusema anakwenda na hali, huyo hana cha kubadilisha. Sala nasi tumewekewa nyakati maalumu, na bado msafiri amepewa nafuu yake. Nafuu hiyo haikuifuta sala. Ndivyo na ratiba: mpangilio waweza kusogezwa, lakini haki ya mtoto ya kufundishwa haisogezwi.

Tunawaomba walimu wakuu nao watimize wajibu wao. Si haki kumtwisha mgeni darasa kubwa kuliko yote, zamu na michezo katika mwezi wake wa kwanza, kisha kumlaumu kwa kuchelewesha mada. Apewe mwenyeji mmoja, mwalimu mkongwe anayeijua njia, mvua na wazazi wa hapo, wakae pamoja japo nusu saa kila wiki na kuitazama ratiba ya wiki ijayo. Nusu saa hiyo haigharimu serikali hata shilingi. Isipotolewa, gharama hulipwa na mtoto anayefika darasa la tatu hajui kusoma, na wakati uliokwisha kumpita hakuna wa kumrudishia.