Masomo ya kulipa juu ya sufuria ya umeme: faida ao hasara?



Siku hizi hapa Bukavu kuna neno linaloleta mabishano katika familia nyingi: masomo ya kupika yanayolipwa. Mutu ananunua sufuria ya umeme, ile inayofungwa kabisa na kupika kwa nguvu ya mvuke. Kiisha muuzaji anamwambia: «Kama unataka kujua kuitumia vizuri, uje siku ya posho, mara mbili. Utalipa dola 15.»

Wengine wanacheka: «Tangu lini mama aliyepika miaka 20 analipa kusudi afundishwe kupika?» Wengine wanajibu: «Afazali kulipa kuliko kuharibu chombo cha bei kali.» Nimesikiliza pande zote mbili. Nami nina ruhusa ya kusema, kwa sababu jambo hili lilipita ndani ya nyumba yetu, na likaacha alama juu ya mukono wa dada yangu.

Nieleze kwanza namna mambo yalivyokuwa.

Mama yangu anauza vitambaa katika soko la Kadutu. Zamu yake katika likelemba ilipofika, alipokea feza, naye akanunua sufuria ile kwa dola 70. Sababu yake ilikuwa nzuri: makala inakula feza nyingi nyumbani, na moshi wake unatuumiza macho. Baba alikubali. Lakini zile dola 15 za masomo hazikuwa tayari. Zilitoka katika minerval yangu. Baba alikuja hapa shuleni kumwomba ekonomu avumilie wiki mbili, naye akavumilia. Ndiyo maana ninasema kwamba masomo yale yananihusu: kwa sehemu, ni mimi niliyeyalipa.

Mama akaenda. Walikuwa wamama kama kumi na wawili, kila mumoja na sufuria yake. Posho ya kwanza walipika keki na kuku. Posho ya pili walipika wali wa nyama. Mama akarudi na furaha, na kipande cha keki kwa sisi watoto, na karatasi mbili zilizoandikwa kwa Kifaransa. Karatasi zile akaziweka ndani ya kabati, pamoja na vikombe vya wageni.

Sasa, wasomaji, mjiulize: katika nyumba ambamo mama anatoka asubuhi na kurudi jioni, ni nani anayepika? Kwetu ni dada yangu mudogo, mutoto wa mama mudogo, mwenye miaka 15. Siku ya ine, yeye alitaka kusaidia. Alijaza maharagi na maji karibu mpaka juu, kusudi chakula kitoshe siku mbili. Maharagi yakatoa povu. Povu likapanda na kuziba kitundu cha mvuke, na ganda la haragi likakwamisha kile kipini kidogo kinachozuia kifuniko kisifunguke. Watoto wadogo walikuwa wanalia njaa. Dada akachomoa umeme, akashika kifuniko kwa kitambaa, akakifungua kwa nguvu. Muchuzi wa moto ukaruka mpaka kiwiko.

Jirani mwema alikuja mbio, akapaka dawa ya meno juu ya kidonda. Kwenye senta ya afya, muuguzi alituambia kwamba tulipashwa kumwagia mukono maji baridi safi kwa dakika 20, bila kupaka kitu. Feza tulizotoa kwa matunzo zilipita dola 15 mara nyingi.

Jioni ile mama alikaa chini, akasema: «Lakini nililipa masomo!» Dada akajibu pole pole: «Mama, weye ndiye ulienda ku masomo. Miye, nani alinifundisha?»

Hakuna aliyejibu.

Majirani wanasema: «Mnaona? Masomo yale ni bure, ni ya kula feza za watu.» Hapo sikubaliani nao. Tatizo la nyumba yetu si kwamba tulilipa masomo. Tatizo ni kwamba somo halikufika kwa mukono unaopika, wala halikugusa chakula tunachopika.

Wale wanaosema kwamba mama aliyepika miaka 20 hana haja ya masomo wanasahau jambo moja. Ujuzi wa mama uko katika macho, masikio na ulimi. Anafunua sufuria, anaangalia, anaonja, anaongeza maji kidogo, anatoa kaa moja la moto. Lakini sufuria ile ikisha kufungwa, huwezi kuangalia wala kuonja. Makosa yote yanafanyika mbele ya kufunga. Kwa hiyo, hata mupishi hodari anakuwa mwanafunzi tena, na si haya.

Tena, tulijifunza katika fizika kwamba maji hayachemki kwa kiasi kimoja mahali pote. Bukavu iko karibu metre 1500 juu ya bahari, na hapa maji yanachemka kwa digri 95 hivi, hayafiki 100. Ndiyo sababu moja maharagi yetu yanakawia juu ya mbabula kuliko yale ya pwani. Katika sufuria iliyofungwa, mvuke unasukuma, na maji yanapita digri 110. Ile ni nguvu kubwa inayokaa pale jikoni, karibu na watoto. Chombo chenye nguvu namna hii kinataka mafundisho.

Hata mutu wa kwanza aliyekitengeneza alijua vile. Alikuwa Denis Papin, Mufaransa Muprotestanti, ambaye alionyesha sufuria yake ya mvuke kwa wataalamu wa Royal Society katika London mwaka 1679. Ndiye pia aliyeiwekea kifaa cha kuachilia mvuke unapozidi. Tena hakuona vizuri kutoa chombo bila maelezo: mwaka 1681 alichapisha kitabu cha kufundisha namna ya kuitumia. Mwaka 1682 wataalamu wale walikula chakula kilichopikwa ndani ya sufuria za namna ile. Kwa hiyo tangu mwanzo, sufuria na somo vilitembea pamoja.

Mutu atasema: «Basi, si kuna kitabu ndani ya katoni?» Ndiyo, kiko. Cha kwetu kimeandikwa kwa Kiingereza na Kichina. Na hata kama ungejua luga zile, kuna mambo matatu ambayo kitabu kile hakikutuambia.

Jambo la kwanza ni dakika. Kitabu kinasema «dakika 30», na mama anazani chakula kitakuwa tayari nyuma ya nusu saa. Lakini dakika zile zinaanza kuhesabiwa mvuke ukisha kufika nguvu yake. Tufanye hesabu: kwa lita 4 za maji baridi, sufuria ya watti 1000 inataka karibu nusu saa ingine mbele ya kufika pale. Na mwishoni shurti kungoja mvuke utulie na kipini kianguke chenyewe. Kama dada yangu angejua hesabu ile, angeanza kupika mapema, na asingefungua kwa haraka.

Jambo la pili ni umeme wetu. Kitabu kinazani una volti 220 siku zote. Sisi tunajua jioni taa zinavyokuwa nyekundu. Nguvu ya sufuria haishuki sawasawa na volti, inashuka zaidi: volti zikifika 155, nguvu inabaki nusu tu. Bwana mwalimu wa fizika anaweza kunisahihisha. Basi sufuria ya watti 1000 inakuwa kama ya watti 500, na ile nusu saa ya kupasha moto inakuwa saa moja na zaidi. Mupishi anasema chombo kimekufa, anaanza kukifungua na kukigonga. Hakijakufa, kina njaa ya umeme.

Jambo la tatu ni chakula chetu. Maharagi yanatoa povu na yanavimba, kwa hiyo hayapashwi kupita nusu ya sufuria, pamoja na maji yake. Na sombe je? Wenzangu wa Kemia wanajua kwamba majani ya muhogo yanatoa sumu, asidi sianidriki. Sumu ile inakuwa hewa upesi, maana inachemka kwa digri 26 tu. Ndiyo maana mama zetu wanatwanga sombe sana, kiisha wanaiacha ichemke wazi kwa muda murefu. Hawakusoma kemia, lakini walijua. Sasa mutu akitwanga kidogo na kuifunga mara moja ndani ya sufuria isiyotoa hewa, anaharibu hekima ile ya wazee. Shurti ichemke wazi kwanza. Jambo hili linafaa kufundishwa, hata kwa kulipa. Lakini katika posho zile mbili za mama, hakuna aliyetaja maharagi wala sombe. Walipika keki! Sisi tunakula keki siku ya ndoa.

Kuna neno lingine la kupima: ni nani anayefundisha, na kwa nia gani? Inchi zingine zilikutana na swali hili mbele yetu. Katika Ujeremani, kampuni Vorwerk inauza chombo cha kupikia kinachoitwa Thermomix. Muuzaji anafika nyumbani kwa mutu, na kupika mbele ya familia. Onyesho lile halilipwi, kwa sababu kusudi lake ni kuuza. Katika Uingereza, mwaka 1924, wanawake walianzisha chama chao wenyewe, Electrical Association for Women. Mukubwa wake wa kazi alikuwa Caroline Haslett. Chama kile kilifundisha wanawake kuelewa umeme na kuutumia nyumbani, hata kutoa vyeti.

Ninaona tofauti hapa. Muuzaji akionyesha chombo, ile ni biashara yake, asituombe feza. Lakini mwalimu akifundisha mutu mpaka ajue, ile ni kazi, na kila mutumishi anastahili mushahara wake. Hasara ni kulipa bei ya mwalimu na kupewa onyesho la muuzaji. Hapo umenunua sufuria mara mbili.

Basi, mawazo yangu ni haya. Masomo ya kulipa yana faida, lakini mbele ya kutoa feza tuulize maswali matatu:

1. Ni nani atakayekaa darasani? Kama dada, ao boyi, ao bibi ndiye anayepika, yeye aende, ao waende wawili kwa bei moja. Baba mwenye kununua chombo naye akitaka kwenda, aende, haitamuua.

2. Watapika nini? Kama hakuna maharagi, sombe na nyama ngumu ya soko letu, tubaki na feza yetu.

3. Je, kila mutu atafunga na kufungua sufuria kwa mikono yake mwenyewe, ao ataangalia tu? Mutu hajifunzi kuogelea kwa kuangalia ziwa.

Ninajua wengine hawana dola 15 hata kama masomo ni mazuri. Nami sipendi minerval ya mutoto ingine ipite njia ile. Kwa hiyo ninaleta ombi kwa Bwana Prefe na waalimu wetu. Shule yetu ina chumba cha fizika, ina umeme, ina wanafunzi wanaojua presio ni nini na volti ni nini. Tupewe posho moja kwa mwezi. Watu wa mutaa walete sufuria zao, pamoja na yule anayepika nyumbani. Mama mumoja mwenye ujuzi wa sombe atufundishe upande wake, nasi tueleze upande wa mvuke na umeme. Muuguzi aseme neno fupi juu ya kuungua. Malipo yawe kopo moja la maharagi, ambayo tutayapika palepale na kuyakula pamoja.

Dada yangu amepona, lakini alama iko, na vidole viwili havikunjiki vizuri. Kwa miezi miwili hakutaka kuikaribia sufuria ile. Juzi mama alitoa zile karatasi katika kabati, akakaa naye, akamwonyesha namna ya kuosha mupira wa kifuniko, kuchungulia kitundu kama kiko wazi, na kupima nusu. Kiisha walingoja pamoja mpaka kipini kikaanguka. Somo lile halikulipwa hata franka moja. Lakini lingekuja mapema, mukono ungekuwa muzima.

Wenye mawazo mengine waandike katika namba ijayo. Kuuliza si ujinga.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu humanite, Kemia-Biolojia