Mchoro wa PDF Hauchimbi Silanga

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha, nina hasira tu, na mtanivumilia.

Rafiki yangu, mwanakandarasi mdogo hapa Wote, alinijia na faili moja la PDF. Kuna silanga la kuchimbwa, naye alitaka nimwandikie kijiprogramu cha kuhesabu udongo kabla hajaweka bei kwenye zabuni. Nikamwambia ni kazi ya jioni moja. Hesabu yenyewe ni rahisi: unachukua uso wa ardhi ulivyo sasa na uso wa shimo lilivyosanifiwa, unazigawa nyuso hizo pembetatu ndogondogo, halafu unajumlisha tofauti za kimo. Kompyuta inamaliza kabla chai haijapoa.

Jioni tatu zimepita.

PDF ilikuwa picha iliyoskaniwa. Kipimo kimeandikwa 1:500, lakini karatasi ya A1 imebanwa ikawa A4, kwa hiyo anayepima kwa rula anapata eneo lililopungua mara nane. Tukabembeleza tupewe DWG. Ilipokuja, mistari ya kontua ilikuwa mizuri ajabu, kila mmoja na namba yake pembeni, lakini ukiuuliza mstari kimo chake unajibu sifuri. Yote sifuri! Namba zile ni maandishi tu, kama jina lililochorwa ubavuni mwa matatu. Kwa jicho lako ni mteremko, kwa kompyuta ni sakafu ya ukumbi.

Nikaipandisha kwa mkono, mstari mmoja mmoja. Hapo ndipo nilipogundua la kuudhi zaidi. Tabaka moja lililofichwa lilikuwa na vituo vya kimo kila baada ya mita 30, vimo vyote namba kamili bila desimali. Hakuna mpimaji anayetembea hivyo. Hizo ni data za SRTM, zilizokusanywa na chombo cha anga Endeavour cha NASA Februari 2000, ambazo yeyote anapakua bure. Ni data nzuri ukitaka kujua maji ya bonde yanaelekea wapi. Lakini usahihi uliolengwa ulikuwa kosa la kimo lisilozidi mita 16, na mtu amezichorea kontua za nusu mita!

Tufanye hesabu. Silanga la mita 60 kwa 40 lina eneo la mita za mraba 2,400. Uso wa ardhi ukikosewa kwa sentimita 20 tu, umekosea mita za ujazo 480. Udongo ukichimbwa hufura. Ukifura kwa robo, hizo ni 600, yaani safari 60 za lori la mita 10. Nani atalipia dizeli? Ama mwanakandarasi anafilisika, ama kaunti inalipia udongo ambao haukuwepo, ama kina kinapunguzwa kimyakimya na ng'ombe wanakosa maji Septemba.

Na kuna wanaonufaika. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, kifungu cha 139, inaruhusu kiasi cha kazi za ujenzi kubadilika hadi asilimia 20 ya kile cha mkataba. Nafasi hiyo inafaa mwamba uliojificha. Mchoro mbovu unaigeuza kuwa posho: mjanja anaweka bei ya chini ashinde, akijua udongo "utaongezeka" baadaye.

Sijagusa bado mfumo wa viwianishi. Ramani zetu za zamani zinatumia Arc 1960, GPS inatumia WGS84. Ukichanganya bila kugeuza, shimo linahama karibu mita 300. Hapa kwetu hilo ni shamba la mtu mwingine, na kesi juu yake.

Najua jibu la wahandisi: tukitoa faili hai, mtu atalibadilisha kisha atulaumu. Ndugu zangu, sisi wa programu tulishalitatua hilo zamani. PDF yenye sahihi na muhuri iwe ndiyo nakala ya kisheria, na kando yake wekeni LandXML ya nyuso mbili, ya sasa na ya kuchimbwa. Andikeni alama ya SHA-256 ya faili hilo ndani ya PDF. Mtu akisogeza nukta moja, alama haitalingana.

Wala siombi makubwa. Vimo halisi kwenye mistari. Kizio kimoja, mita (aliyechora kwa milimita akasomwa kwa mita amezidisha ujazo mara bilioni). Udongo na mwamba vitengwe, maana bei zake si moja. Na mpimaji awe amefika mahali penyewe, tarehe iandikwe. Mama zetu wanaochimba matuta ya fanya juu huanza kwa kupima usawa kwa kamba na pima maji, kabla jembe halijaguswa. Sisi wenye digrii tunashindwa nini?

Zabuni inafungwa Ijumaa. Kesho alfajiri tunaenda na kifaa cha kuazima, tukapime wenyewe ardhi ambayo mtu mwingine alishalipwa kuipima.