Chumba Kipya Ubavuni mwa Nyumba ya Babu

Kijana anapooa, wazazi wengi wa mwambao humwongezea chumba ubavuni mwa nyumba ya babu. Ni jambo la heri. Lakini kabla fundi hajainua sururu, na tuulizane: nyumba ile ya mawe na chokaa imesimama juu ya nini?

Kuta hizo ni nene na nzito, ilhali msingi wake mara nyingi ni wa kina kifupi, hauna zege wala nondo. Zimekwisha kutulia, chumba kipya bado kitatitia. Vikifungwa pamoja kwa saruji, ufa hutokea pale pale vilipoungana. Afadhali kuacha mwanya mwembamba baina yao, uzibwe kwa kitu laini kisichopitisha mvua.

Mtaro ndio hatari zaidi. Tulipoongeza chumba katika nyumba ya wakfu anamokaa mwalimu wetu, ulichimbwa kwa siku moja urefu wote wa ukuta, tena chini kuliko msingi wa zamani. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi ufa ulipitisha kidole, na nyuma ya ukuta huo hulala mama yake mzee. Alhamdulillahi, hakudhurika. Fundi alilaumiwa, ingawa ni sisi wanakamati tuliomharakisha ili amalize kabla ya Ramadhani.

Basi kwanza lichimbwe shimo dogo, ionekane msingi wa zamani unaishia wapi, na mhandisi aitwe autazame. Kisha mtaro uchimbwe kwa vipande, kama mita moja moja, na kila kipande kijazwe kabla ya kufungua kinachofuata.