Mzazi Aketi Karibu na Maalim

Desturi ya watu wa Unguja, toka zama za mababu zetu, ni kwamba mzazi humshika mkono mwanawe akampeleka chuoni, akamkabidhi kwa maalim, kisha akarejea kwake na moyo uliotua, kwa yakini kuwa kilichobaki ni kazi ya maalim na majaaliwa ya Mwenyezi Mungu. Desturi hiyo ina heshima yake, maana ndiyo iliyowalea wanavyuoni wetu na ndiyo iliyompa mwalimu hadhi ambayo mshahara peke yake hauwezi kumpa. Lakini ilipohamia katika skuli za serikali imezaa mazoea ya kuwa mzazi ni mtu wa kuandikisha mtoto na kununua sare, naye hafiki tena skuli mpaka aitwe kwa lawama. Na mazoea hayo, ambayo mtoto mzima wa viungo na fahamu aghalabu huyastahimili, kwa mtoto mwenye usonji, au mtindio wa ubongo, au asiyesikia, au aliyechelewa kusema na kufahamu, ni dhulma.

Neno dhulma ni zito, lakini sioni jingine lililo karibu zaidi na haki. Mtoto wa namna hii anapoingia darasani siku ya kwanza, tayari yupo mtu mmoja duniani aliyekwisha kumsoma miaka sita au saba, usiku na mchana, naye ni mama yake. Huyo ndiye ajuaye kuwa kishindo cha kengele humtia hofu akaziba masikio na kulia. Kwamba ukimwambia mambo matatu kwa mpigo hatatenda hata moja, ilhali ukimtazama usoni ukamwambia moja moja atayatenda yote. Kwamba akishaamka katika kifafa usingizi unaomfuata si uvivu. Maarifa hayo hayamo katika kitabu chochote wala hayapatikani kwa mtihani, na skuli isiyomuuliza mama huyo ni kama chombo kilichomwacha rubani ufukweni hali kinaingia penye miamba. Maalim, ambaye hana uadui na mtoto, huhitaji mwaka mzima kuyavumbua kwa jasho yale ambayo angeambiwa kwa nusu saa, na mwaka ukisha mtoto hupelekwa kwa maalim mwingine, kazi ikaanza upya.

Historia ya elimu katika kisiwa hiki inatufundisha kuwa skuli haijapata kusimama bila ya ridhaa ya wazazi. Serikali ya wakoloni ilipofungua skuli zake mwanzoni mwa karne ya ishirini, wazee waliwazuia watoto wao kwa kuchelea dini yao, wala skuli hazikupata nguvu mpaka rai ya wazee iliposikilizwa na masomo ya Qurani yakapewa nafasi yake. Na skuli ya serikali ya wasichana, iliyofunguliwa mwaka 1927, ilihitaji pia kwanza kuwatuliza nyoyo baba na mama. Karibu zaidi na zama zetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Waislamu wa Mombasa walipeleka kwa Aga Khan ombi la kutaka watoto wao wasaidiwe wasibaki nyuma katika masomo, na kutokana na ombi lile Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, akaanza kazi iliyozaa skuli za maandalizi za madrasa, ambazo ziliingia Unguja mwaka 1990. Siri ya skuli zile haikuwa fedha. Jamaa wa mtaa walifunga mapatano, wakatoa mahali, wakachagua kamati yao, na wakatoa wanawake miongoni mwao wafundishwe ualimu, hata mtoto akawa anasomeshwa na mtu ambaye mama yake anamjua kwa jina na kwa ukoo.

Tena yapo ya watoto wenye ulemavu wenyewe. Mwaka 1999 ilianzishwa hapa Zanzibar ZAPDD, jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili, na wazazi wao wakawa nguzo yake. Nayo ikashirikiana na Wizara ya Elimu ilipoanza, mwaka 2004, kujaribu elimu mjumuisho, ya kuwasomesha watoto wenye ulemavu pamoja na wenziwao, katika skuli chache, Unguja na Pemba, kabla ya kuieneza. Basi ilivyo kweli ni kuwa wazazi walisaidia kuubisha mlango huu wa skuli. Waliwatoa watoto wao ndani walimofichwa, wakakubali kutazamwa njiani, wakasimama mbele ya masheha na walimu wakuu kudai nafasi ya darasani. Ni ajabu na ni huzuni kwamba mzazi aliyesaidia kuufungua mlango sasa anaachwa kizingitini.

Na tusifiche kuwa wako wazazi ambao wamejiweka wenyewe mbali. Katika nyumba zetu bado mtoto mwenye ulemavu huhesabiwa na wengine kuwa ni fedheha ya aila, mama hutupiwa lawama kana kwamba amemuumba kwa mikono yake, na si nadra kumwona baba akinyamaza, kisha akatoweka. Kwa watu wanaosoma Sura ya Abasa tangu wakiwa wadogo, jambo hili halina udhuru. Mle Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, aliaswa na Mola wake kwa kuwa alimkunjia uso kipofu, Abdallah bin Umm Maktum, aliyemjia akitaka kufundishwa wakati yeye alikuwa ameshughulika na wakubwa wa Kikureshi. Na kipofu yule baadaye akawa muadhini wa Madina, na mara kadhaa akaachiwa mji ausimamie. Aliyekuja kutaka elimu, macho anayo au hana, haki yake ilitangulia ya wakubwa.

Wapo watakaosema kuwa maalim ana watoto wengi mno, na kwamba kumwongezea vikao na wazazi ni kumwongezea mzigo. Nawajua walimu, na sidharau uchovu wao. Lakini wingi huo wa watoto ndio unaomlazimisha maalim kutafuta msaada, na msaada ulio karibu kuliko wote ni wa mzazi. Ila hapa pana hadhari. Kumshirikisha mzazi si kumtaka mama aketi darasani kutwa nzima amshike mwanawe kwa kuwa skuli haina msaidizi, akaacha biashara yake na wadogo wa mtoto nyumbani. Hilo ni kumwachia mama wajibu wa dola, na mama anayetendewa hivyo mwisho huchoka, akamrejesha mtoto ndani. Ushirika ninaoutaka ni wa rai na maarifa: aulizwe kabla ya mtoto kupangiwa masomo, aambiwe mwezi huu atafundishwa nini ili alikariri jambo lile lile nyumbani, afundishwe lugha ya alama ikiwa mwanawe hasikii, na akisema kuwa mtoto mwenye kiti cha magurudumu hawezi kulifikia darasa la juu katika hizi skuli mpya za ghorofa, darasa lile literemshwe chini, wala si mtoto kubebwa mgongoni.

Saa ya vikao nayo ni jambo la kutazamwa. Hapa Darajani, katika soko lililojengwa mwaka 1904 na katika njia zote zilizolizunguka, wako kina mama wanaouza mboga, viungo, na mikate, na asubuhi ndiyo riziki yao. Ukiwaita saa tatu ya asubuhi hawatafika, kisha wataandikwa katika daftari kuwa ni wazazi wasiojali. Waitwe baada ya sala ya alasiri, muhula mara moja, kila mmoja kwa nafasi yake, mbali na mkutano mkuu ambao mtu huona haya kumtaja mwanawe mbele ya kaumu. Wala wasiitwe kwa ajili ya fedha. Michango ya wazazi ilipofutwa katika skuli za msingi mwaka 2015 maskini walipata faraja kubwa, ila wengine walidhani kuwa wito wa wazazi nao umefutwa, kwa sababu kwa miaka mingi hawakupata kuitwa kwa jingine.

Sheria hatukosi. Tulikuwa na ya mwaka 2006 ya haki za watu wenye ulemavu, na sasa tunayo ya mwaka 2022. Na Tanzania iliuridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 24 kinampa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wenziwe. Tunachokosa ni amri ndogo ya Wizara, iliyoandikwa, yenye kumlazimisha kila mwalimu mkuu kumketisha mzazi karibu na maalim mwanzoni mwa kila muhula, na kuyaandika yaliyosemwa katika daftari litakalomfuata mtoto kutoka darasa hata darasa. Amri hiyo haihitaji mkopo wala mfadhili, na naiomba Wizara iitoe kabla ya mwaka mpya wa masomo.

Nanyi kina baba, msingoje amri. Mama amekwenda peke yake vya kutosha, hospitali, kwa waganga, kwa sheha na skuli. Safari hii nendeni nanyi, mwambieni maalim mnayoyajua ya mtoto wenu, na kama hamyajui, kaeni kwanza na mama yake mumuulize.