SAFU YA WALIMU WENU: Sheria Iandikwe Kabla ya Mchezo, Siyo Baada ya Ugomvi

Mwezi huu hatuongelei daftari wala mitihani. Tunaongelea mchezo, kwa sababu mchezo nusura utugombanishe mtaa mzima.

Wengi wenu mnajua kwamba kwenye kituo cha vijana kuna kompyuta mbili za kubeba zilizounganishwa kwa waya. Vijana wanacheza humo mchezo unaoitwa Age of Empires II. Ni mchezo wa zamani, ulitoka mwaka 1999, ndiyo maana unakubali hata kwenye mashine iliyochoka. Kila mchezaji anapewa kijiji kidogo. Anatuma watu wake kukata miti, kutafuta chakula, kuchimba dhahabu na mawe. Halafu anajenga, anapanda kutoka Enzi ya Giza kwenda Enzi ya Umwinyi, na mwisho anapigana na mwenzake. Anayetumia akili na kupanga vizuri ndiye anayeshinda.

Sasa sikieni yaliyotokea. Vijana wawili, majirani wanaochota maji bomba moja, walikubaliana kwa mdomo: "Hakuna kushambulia kabla ya dakika 30." Dakika ya 20 hivi, mmoja akajenga mnara wa ulinzi pembeni kabisa ya dahabu ya mwenzake. Mnara ule unarusha mishale. Wachimbaji wakafa, dhahabu ikafungwa. Mwenzake akasimama: "Umevunja ahadi!" Yeye akajibu: "Tulisema tusishambulie. Mimi sikutuma askari hata mmoja. Mnara ni nyumba, siyo askari."

Basi, maneno yakawa makonde. Kioo cha kompyuta kikaponea chupuchupu. Jioni hiyo mama zao wakaacha kusalimiana bombani. Siku ya pili tukasikia watu wakitajiana nchi na makabila, jambo ambalo halikuwa na uhusiano wowote na mnara. Chumba kikafungwa wiki mbili.

Tunakiri kosa letu. Sisi walimu wenyewe tuligawanyika, wengine upande huu, wengine upande ule. Papa wa mmoja wao alipokuja kwenye kikao, alituuliza swali moja tu: "Walimu, hiyo sheria mliiandika wapi?" Tukanyamaza. Haikuandikwa popote.

Tukawaita wale vijana wawili, tukawapa karatasi na kalamu. Tuliwaambia chumba hakifunguliwi mpaka waandike sheria ambazo kila mmoja wao angezikubali hata kama yeye ndiye anayeshindwa. Walikaa alasiri mbili. Hizi hapa, tumezinyoosha kidogo tu.

1. Kila neno lielezwe. Kushambulia ni kumpiga mtu, mnyama au jengo la mwenzako kwa kitu chochote, uwe askari, mnara au mwanakijiji. Kupeleleza kwa yule mpanda farasi wa mwanzo kunaruhusiwa. Mnara unajengwa upande wako tu mpaka muda wa amani uishe. Muda wa amani ni dakika 30 kwa wanaojifunza, dakika 15 kwa wazoefu.

2. Waanze sawa. Mataifa ya mchezo huu hayalingani. Kwa mfano, Wachina wanaanza na wanakijiji 6 wakati wengi wanaanza na 3, lakini Wachina wanakuwa na chakula na miti kidogo zaidi mwanzoni. Kwa hiyo wachezaji wachukue taifa moja wote wawili. Wasipopenda, wafanye kama tunavyogawa mkate nyumbani: mmoja anakata, mwingine anachagua. Yaani mmoja anataja mataifa mawili, mwenzake anachagua la kwake kwanza.

3. Mechi ni mbili, na mnabadilishana viti. Kompyuta yetu moja ina kipanya, nyingine unasukuma kwa kidole. Hata mchezaji hodari akitumia kidole anachelewa. Kwenye sataranji pia, mwenye kete nyeupe huanza, na kwenye mashindano wachezaji hubadilishana rangi kwa sababu hiyo hiyo. Kila mtu akiwa na ushindi mmoja, ni sare, mnapeana mkono.

4. Mdomo wa pembeni ufungwe. Anayetazama asiseme "angalia kushoto" wala "anakuja na farasi". Akisema mara ya pili, anatoka nje. Kompyuta zinawekwa mgongo kwa mgongo ili mtu asichungulie kioo cha mwenzake.

5. Umeme ukikatika. Hapa kwetu betri ya sola haina ahadi. Mechi ni dakika 60. Muda ukiisha kabla mtu hajashindwa, mwenye alama nyingi zile zinazoonekana pembeni mwa kioo ndiye mshindi. Giza likiingia kabla ya dakika 60, mechi imefutwa, hakuna mshindi, na hao hao wawili wanaanza upya kesho yake. Hakuna kusema "nilikuwa naelekea kushinda".

6. Zamu. Mshindi anakaa mara mbili tu, halafu anainuka hata kama hajashindwa. Jumanne na Alhamisi ni zamu za wasichana. Wengi walikuwa hawajawahi kugusa kipanya, siyo kwa sababu hawataki, ila kwa sababu mshindi alikuwa hainuki.

7. Kushindwa kwa heshima. Anayeona ameshindwa anaruhusiwa kusalimu amri, na mwenzake haendelei kumchezea ili amchekeshe kwa watazamaji. Hakuna kutaja nchi, kabila, wala wazazi wa mtu. Anayetaja, mechi ameshapoteza, na anakaa nje wiki moja.

8. Sheria haibadilishwi katikati ya mechi. Likitokea jambo ambalo halikuandikwa, msimamizi anaamua siku hiyo, na Jumamosi linaandikwa kwenye karatasi.

Sheria ya mwisho ndiyo tunaipenda zaidi. Yule kijana wa mnara alisema kitu cha kweli: siku ile haikuandikwa kwamba mnara umekatazwa. Na mwenzake naye alisema kweli: ahadi ilikuwa wazi moyoni mwa wote wawili. Wote walikuwa na sehemu ya haki, ndiyo maana ugomvi haukuisha haraka. Watu wakikubaliana kwa neno ambalo kila mtu analielewa kivyake, hawajakubaliana bado.

Mama mmoja alituuliza jambo jingine, na hatutaki kulificha. Alisema: "Mwalimu, hawa batoto walikimbia vita. Mbona munawapa vita vya kucheza?" Mama, tumelifikiria. Kuna mtoto mmoja tuliyemwona anaacha kipanya kila nyumba za kijiji chake zikianza kuwaka moto kwenye kioo. Hakusema kitu. Tangu siku hiyo tumekubaliana: hakuna anayelazimishwa, hakuna anayechekwa kwa kuondoka, na wadogo wa shule ya msingi hawachezi mchezo huu. Kwa ajili yao na kwa kila anayependa, kuna ubao wa drafti na bao. Kama mtoto wako anarudi nyumbani na kimya kisicho cha kawaida, tafadhali njoo utuone.

Na ninyi wazazi wenye simu nyumbani, ambapo kaka na mdogo wake wanagombania mchezo mmoja, sheria hizi zinawafaa pia. Siyo lazima zote nane. Chukueni tatu: muda, zamu, na matusi. Waacheni watoto waziandike wenyewe, ninyi muweke sahihi. Mtoto anatii zaidi sheria aliyoiandika kwa mkono wake. Halafu mzazi, na wewe usiivunje kwa kumpendelea kitinda mimba. Watoto wanaona.

Mnauliza wale wawili wako wapi sasa? Chumba kilipofunguliwa walicheza mechi zao mbili, kila mmoja akashinda moja. Hatuwezi kuwadanganya kwamba wamekuwa marafiki wakubwa. Lakini wanasalimiana, na Jumamosi iliyopita walikuwa wasimamizi pamoja, wakibishana kwa sauti ya chini kama geti la ukuta linahesabiwa kuwa jengo. Mama zao tumewaona bombani, ndoo ya mmoja imewekwa nyuma ya ya mwenzake kwenye foleni, wanaongea.

Karatasi ya sheria imebandikwa mlangoni mwa kituo. Chini tumeacha nafasi tupu. Mwenye sheria ya tisa aje nayo Jumamosi.

Tukutane mwezi ujao.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.