Kijana wa Tuala, Mtambo wa Kipevu Unakuhusu



Leo tunaongea kuhusu maji taka. Si mada ya kuweka stetasi, tunajua. Lakini fungua kitabu chochote cha fiqhi, hata kile kidogo ulichosomea madrasa ukiwa mtoto, uone kinaanza na nini. Twahara. Kabla ya swala, kabla ya saumu, kabla ya hija, mwanafunzi anafundishwa maji: yapi ni safi, yapi yamenajisika, na yakinajisika yanarudi vipi kuwa safi. Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kujisaidia penye maji ya watu, njiani wanapopita na kivulini wanapopumzika. Hiyo ni sheria ya mazingira, imetangulia NEMA kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Sasa tuingie kwa mambo yenyewe.

Mombasa ina mtambo wa kusafisha maji taka pale Kipevu, bara ya magharibi, upande wa hori na bandari. Unahudumia Changamwe na mitaa ya jirani, na ulisanifiwa kusafisha takriban mita za ujazo 17,000 kwa siku. Mwingine uko Kizingo kisiwani, na huo kwa miaka mingi umekuwa mtambo kwa jina tu. Sehemu kubwa ya Mombasa haijaungwa na bomba lolote la maji taka. Wavuvi wamelalamika kwa miaka kuhusu uchafu unaoingia majini, na kila mvua kubwa ikinyesha malalamiko yanarudi upya.

Utauliza, mimi niko Tuala, hii mambo ya Mombasa inanihusu nini? Subiri kidogo, tutafika.

Kwanza tuelewane kwa nini mitambo hii iko hatarini. Maji taka hutembea kwa mteremko. Kuyasukuma kwa pampu ni gharama, kwa hivyo mhandisi hutafuta pahali pa chini kabisa ili bomba lijiteremshe lenyewe: bondeni, kando ya mto au ukingoni mwa bahari. Hiyo ni akili nzuri siku za kiangazi. Siku ya mafuriko, pahali pa chini ndipo maji yote ya mji yanapokimbilia.

Hapo mambo manne hutokea. Maji ya mvua huingia kwenye mashimo ya mabomba, mtambo ukapokea mara kadhaa ya kiasi ulichojengewa. Vijidudu vinavyokula uchafu kwenye mabwawa husombwa, na vikishasombwa huchukua wiki kukua tena. Umeme na pampu huzama na kuungua. Na kama bahari iko juu, tuseme ni wakati wa bamvua, bomba la kutolea maji hukosa pa kumwaga, uchafu ukarudi nyuma kuelekea mitaani. Wanasayansi wa IPCC wanasema usawa wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na unaendelea kupanda kwa kasi zaidi. Kwa mtambo ulio ukingoni mwa maji, sentimita 20 si kidogo.

Msidhani haya ni matatizo ya maskini peke yao. Kimbunga Sandy kilipopiga pwani ya New York Oktoba 2012, mtambo wa Bay Park pale Long Island, unaohudumia watu zaidi ya nusu milioni, ulifunikwa na maji ya chumvi. Maji machafu yaliingia kwenye nyumba za watu na kwenye ghuba. Wamarekani walikaa wakajiuliza swali hili hili: tuhamishe au tuimarishe? Wakaamua kuimarisha palepale. Walijenga ukuta kuzunguka mtambo na kuinua vifaa vya umeme, kwa mabilioni ya pesa, zaidi ya dola milioni 800 zikitoka serikali kuu.

Sisi hatuna dola milioni 800 za mtambo mmoja. Ndiyo maana lazima tufikiri vizuri zaidi yao.

Kuna wanaosema Kipevu na mitambo mingine ya ukingoni ihamishwe mara moja ipelekwe juu. Hoja yao ina uzito: kumwaga pesa kwenye kitu ambacho bahari itakifuata ni israfu, na israfu ni haramu. Lakini hebu tuangalie kuhama kunamaanisha nini. Mtambo ukienda mlimani, maji taka yote yatahitaji kupandishwa kwa pampu, saa 24, kila siku. Pampu zinataka stima. Tunakumbuka Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipokaa gizani usiku kucha. Ukiwa na mtambo wa mlimani bila jenereta za kutosha, giza kama lile linageuka kuwa kinyesi barabarani. Halafu kuna ardhi, kesi za ardhi, fidia, na mabomba mapya. Hiyo ni miaka, na uchafu hausubiri miaka.

Msimamo wetu ni huu: imarisha kwanza, na upange kuhama ukiwa wazi. Mambo yanayoweza kufanywa sasa si siri. Inua swichi na pampu juu ya kimo cha mafuriko. Weka vali za kuzuia bahari isirudi bombani. Tenganisha mitaro ya mvua na mabomba ya maji taka, maana leo vimechanganyika hovyo. Weka jenereta zenye mafuta, si jenereta za kupigia picha siku ya uzinduzi. Linda na kupanda mikoko kwenye hori, kwa sababu mikoko huvunja nguvu ya mawimbi. Vifaa vingi vya namna hiyo vinaweza kung'olewa na kuhamishwa siku ya kuhama ikifika, kwa hivyo si pesa iliyotupwa baharini. Sambamba na hayo, kaunti na shirika la maji zitangaze wazi: ni kimo gani cha bahari kitatulazimisha kuondoka, tutaenda wapi, na nani ataishi jirani na huo mtambo mpya.

Hilo swali la mwisho ndilo linatuhusu sisi kama watu wa haki.

Kitu kichafu nchi hii kikihamishwa, kinahamia kwa nani? Umewahi kusikia kimehamia Nyali ama Karen? Mnajua Owino Uhuru, kijiji cha pale pale Mombasa bara magharibi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa ukutani mwa nyumba za watu maskini, risasi ikaingia kwenye damu ya watoto. Julai 2020 mahakama ya mazingira iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu hiyo miaka ya kutembea mahakamani. Mtambo wa maji taka si kiwanda cha risasi, na ukiendeshwa vizuri ni rehema kwa mtaa. Lakini ukiletwa usiku bila kuulizwa mtu, halafu ukaachwa ukaharibika, wanaopata harufu, mbu na kipindupindu ni walewale siku zote.

Na angalia serikali inavyojua kuharakisha ikitaka. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliua karibu watu 300. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo, watu wa Mathare na kando ya mito ya Nairobi walipewa saa 24 waondoke, kisha tingatinga zikaja. Kwa hivyo maskini huhamishwa kwa saa 24, lakini mtambo uliokaa kwenye njia ya maji huundiwa kamati. Tunachotaka ni usawa: haraka iwe kwa miundombinu, na subira, fidia na mazungumzo viwe kwa watu.

Haya, turudi Tuala.

Toka nje utembee hadi mto Mbagathi, ule unaotutenganisha na mbuga ya wanyama ya Nairobi. Maji hayo yanaingia mto Athi. Athi ikishuka inaitwa Galana, ikikaribia bahari inaitwa Sabaki, na inamwaga Bahari Hindi kaskazini ya Malindi, jirani na Mambrui, mji wa Kiislamu wa zamani. Kabla haijafika baharini inapita Baricho, na kando ya mto huo ndiko kuna visima vinavyopeleka maji Malindi, Kilifi na hadi Mombasa. Sasa umeona? Yule ndugu yako wa Changamwe anayetia udhu kwa maji ya mfereji, sehemu ya mto wake inaanzia kwako. Unacholalamika kwamba Kipevu inamwagia wavuvi, Tuala na Kitengela zinaweza kuwa zinawamwagia watu wa mtoni vilevile.

Tuseme ukweli kuhusu kwetu. Ploti zinauzwa, nyumba zinapanda, lakini nyumba nyingi bado zinategemea tangi la septiki ama choo cha shimo. Udongo wetu mweusi wa mfinyanzi haunywi maji. Mvua ikinyesha kidogo tu, shimo linajaa na uchafu unaelea plotini ambapo watoto wanacheza. 2024 mafuriko yaliingia kwenye nyumba za watu huku Kitengela, na maji yale hayakuwa ya mvua tupu. Kipindupindu kilichoanza Oktoba 2022 kilisambaa kaunti nyingi, Kajiado ikiwemo, na ndugu zetu wa Garissa kule kambi za Dadaab kiliwaumiza sana.

Halafu kuna lile lori la kunyonya maji taka. Linakuja, linanyonya, unalipa, linaenda. Umewahi kumuuliza dereva anamwaga wapi? Swali hilo moja ni harakati tosha ya wiki nzima.

Siku si nyingi, miji hii itahitaji mitambo mikubwa ya maji taka. Na hapo ndipo somo la Kipevu linatufaa. Ardhi ya bei rahisi itakuwa ile ya kando ya mto, ile ambayo hakuna mtu anataka kujenga kwa sababu inafurika. Mtu atasimama kwenye mkutano aseme, ardhi hii hapa, imepatikana. Tukinyamaza, tutajenga mtambo mpya kwenye kosa la zamani, halafu wajukuu wetu ndio watakaobishana kama wauhamishe ama waimarishe.

Kwa hivyo kazi ni hii.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 43 kinakupa haki ya usafi wa kiwango kinachofaa na maji salama. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umeumia. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Andika barua, si lazima uwe wakili. Uliza kaunti ya Kajiado: mpango wa maji taka wa kata ya Oloosirkon/Sholinke uko wapi kwenye mpango wa maendeleo wa 2023 hadi 2027? Ardhi gani imetengwa? Ilifurika 2024 ama haikufurika? Malori ya maji taka yana leseni ya kumwaga wapi? Ndugu zetu wa Mombasa nao waulize yao kuhusu Kipevu na Kizingo: pampu ziko kimo gani, jenereta zinafanya kazi, na mpango wa kuhama upo ama haupo?

Na msiseme haiwezekani. Watu wa Lamu waliambiwa hivyo hivyo kuhusu mtambo wa makaa ya mawe. Wakaungana, wakasoma makaratasi, wakaenda mahakama ya mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa, sababu moja kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hawakuwa na pesa. Walikuwa na hoja na walikuwa na safu iliyonyooka, kama safu ya swala.

Maimamu wetu, tunawaomba khutba moja tu ya Ijumaa kuhusu maji taka. Mnajua wanazuoni wakubwa wa Saudia walikaa kuijadili mada hii tangu 1978, wakasema maji taka yakisafishwa mpaka rangi, ladha na harufu ya najisi zikaondoka kabisa, yanarudi kuwa twahara? Kama maulamaa waliona mtambo wa maji taka unastahili fatwa, sisi tunaona haya ya nini kuuzungumzia mimbarini?

Kutoleta madhara na kutolipizana madhara ni kanuni ya dini yetu. Anayemwaga uchafu mtoni leo anajua fika kuna mtu chini ya mto. Wewe kijana uko juu ya mto. Uliza swali lako wiki hii, kabla mvua ya masika haijakuja kuuliza kwa niaba yako.

Allah atujaalie tuwe miongoni mwa wanaojitwaharisha, na atulindie ndugu zetu wa bara na pwani. Amin.

Sambaza kwa vijana wa msikiti wako. Tuambie mtaani kwako lori linamwaga wapi.