Bunduki ya Kunguru

Kunguru walioletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale takataka, leo wanakula vifaranga wa wananchi na mayai ya ndege wa asili. Wako wanaotaka wapigwe bunduki, nasi hatupingi. Lakini bunduki gani? Risasi ya .22 iliyomkosa kunguru juu ya mnazi huweza kuruka zaidi ya kilomita moja. Katika kisiwa chenye nyumba kila upande, itatua wapi?

Kunguru aliyekoswa naye hujifunza. Hamngojei tena mpigaji. Kwa hiyo tunawaomba wahusika waruhusu bunduki za upepo tu, na kila moja ijaribiwe kwanza kwenye karatasi, mita 20, kwa risasi za aina moja, mpaka matundu yakusanyike pamoja.